Kabla ya Kununua Tableti, Muulizeni Msomaji Anatafuta Nini

Leo naweka kando habari za lugha za programu na simu mpya zilizotoka, nizungumzie kitu ambacho wengi wa rika langu wanadhani kilikwisha zamani. Maktaba. Ndiyo, ile nyumba yenye rafu, mkutubi na tangazo la "Kimya Tafadhali".

Mtu akisikia mwandishi wa programu anataka kuzungumzia teknolojia katika maktaba, anajua atakachoambiwa. Nunueni tableti. Tengenezeni programu ya simu. Wekeni wai-fai. Tupeni makaratasi. Mimi nasema tofauti. Teknolojia nyingi zinazosaidia maktaba za kwetu ni zile zisizopendeza kwenye picha za gazeti, na zile zinazopendeza sana mara nyingi huishia kabatini. Nina sababu zangu, na nitazitoa moja baada ya nyingine.

Kwanza niseme kwa nini jambo hili ni la sasa. Jedwali la Nne la Katiba yetu ya 2010 linataja maktaba miongoni mwa majukumu ya kaunti. Maana yake ni kwamba suala la maktaba si la Nairobi peke yake tena. Ni suala la bunge la kaunti, la bajeti ya Nakuru, la mwakilishi wa wadi ambaye unaweza kumsimamisha sokoni ukamuuliza. Na pesa za kaunti zikishatumika kwa kitu kisichofaa, hazirudi. Ukinunua tableti 200 zisizo na kazi leo, usitarajie kupewa nyingine mwaka ujao.

Watu wanatafuta nini hapa

Olenguruone iko juu, mvua ni nyingi, ukungu ni mwingi, na ukitaka kwenda Nakuru unapita Keringet na Molo. Ukizungumzia tawi la maktaba la serikali, matawi ya karibu ninayoyajua mimi ni Nakuru kwa upande mmoja na Kericho kwa upande mwingine. Mwanafunzi hawezi kupanda matatu kila Jumamosi kwenda kusoma kurasa kumi za kitabu cha biolojia.

Je, hii ina maana kwamba watu wa huku hawatafuti maarifa? Hata kidogo. Nenda kwenye saiba yoyote ya mji mdogo msimu wa KUCCPS unapofunguliwa. Utawakuta waliomaliza kidato cha nne wamepanga foleni wachague kozi. Utamkuta mzazi ambaye mtoto wake ameambiwa chini ya mtaala mpya alete picha za wanyama zilizochapishwa kwa rangi. Utamkuta mzee anayetafuta cheti kwenye eCitizen, huduma iliyoanza 2014 na ambayo sasa karibu kila ofisi ya serikali inakuelekeza huko. Utamkuta mkulima wa viazi mwenye swali la ugonjwa ulioingia shambani.

Hao wote ni wasomaji wa maktaba, ila hawana maktaba. Wanalipa kwa dakika na kwa ukurasa. Na wanampa mtu wasiyemjua nambari ya kitambulisho, nenosiri na barua pepe, kwa sababu hawana njia nyingine. Asiye na pesa siku hiyo anarudi nyumbani, na mlango wa mtandaoni unafungwa tarehe ikifika. Kijana anaweza kukosa kozi aliyofaulu kwa sababu ya shilingi chache na foleni ndefu. Kwa hiyo tukiuliza kama maktaba zina kazi zama hizi za intaneti, tunauliza ni nani atakayebaki nje ya mlango.

S. R. Ranganathan, mkutubi wa India aliyechapisha kanuni zake tano za ukutubi mwaka 1931, aliweka kuokoa muda wa msomaji kuwa moja ya kanuni hizo. Hakukuwa na kompyuta wakati huo. Hata hivyo kwangu mimi hicho ndicho kipimo bora cha teknolojia yoyote ya maktaba. Je, inamwokoa msomaji muda, safari na pesa? Ikiwa jibu ni hapana, basi ni pambo.

Ngamia, gari na sauti ya mkulima

Watu husahau kwamba Afrika Mashariki ina historia ndefu ya kubuni katika maktaba. Katikati ya miaka ya 1990, shirika la maktaba la taifa, KNLS, lilianza kupeleka vitabu kwa ngamia huko Garissa. Wageni hupenda kupiga picha za ngamia hao na kutabasamu. Lakini hebu lifikirie jambo lenyewe kama mhandisi. Barabara hakuna, magari hukwama mchangani, wasomaji ni wafugaji wanaohama. Ni chombo gani kinachobeba mzigo, hakihitaji petroli, na wenyeji wote wanajua kukitunza? Huo ni uamuzi wa kiufundi safi kabisa. Aliyeufanya alianza na msomaji na mahali alipo, halafu akachagua chombo.

Sasa twende Uganda. Mwaka 1999 kilifunguliwa kituo cha mawasiliano Nakaseke, chenye maktaba ndani yake. Miaka michache baadaye ikatengenezwa diski ya kompyuta kwa ajili ya wanawake wakulima, yenye mawazo ya kujipatia kipato. Mama asiyejua kusoma aliweza kubofya picha na kusikia maelezo kwa Kiluganda. Hiyo ilikuwa miaka mingi kabla ya simu zenye skrini ya kugusa kuingia vijijini mwetu. Waliofanya kazi ile walielewa jambo ambalo watu wa programu bado tunalisahau: msomaji si lazima awe mtu anayesoma. Anaweza kuwa mtu anayesikiliza.

Uganda hiyo hiyo, mwaka 2003, Maktaba ya Taifa ilishirikiana na mradi wa gari lililobeba kompyuta, mtambo wa kuchapa na mashine ya kujalidi. Kitabu ambacho haki zake za kunakili zimekwisha kilichapwa pale pale, mtoto akaondoka nacho mkononi. Teknolojia ya kidijitali ikatoa karatasi! Leo wako watakaocheka, lakini kitabu cha karatasi hakihitaji chaji, hakiibwi kirahisi na hakipasuki kioo.

Koha, na faida ya kuandika programu kwa ajili ya walio mbali

Sasa niingie kwenye fani yangu. Kila maktaba inahitaji programu ya kuendesha kazi: katalogi, wanachama, kuazima, kurudisha, faini. Programu za kulipiwa ni ghali na leseni yake hulipwa kila mwaka. Usipolipa, unabaki na data usiyoweza kuifungua.

Mwaka 1999, maktaba za wilaya ya Horowhenua huko New Zealand zilikuwa na shida. Mfumo wao wa zamani usingefanya kazi mwaka 2000 ukiingia. Walikuwa pia na matawi ya mashambani yaliyounganishwa kwa laini za simu za kawaida, si nyaya za gharama kubwa. Wakawaajiri waandishi wa programu wa kampuni ndogo, Katipo Communications, wawatengenezee mfumo unaofanya kazi hata kwenye laini hafifu. Mfumo ukaanza kutumika Januari 2000, na wakaamua kuutoa kuwa programu huria. Wakauita Koha, neno la Kimaori lenye maana ya zawadi.

Leo Koha inatumika duniani kote, na vyuo vikuu vingi vya Kenya vinaendesha maktaba zao kwayo. Tazameni mlolongo wenyewe. Programu iliandikwa kwa ajili ya mji mdogo wenye mawasiliano duni, na kwa sababu hiyo hiyo ikafaa dunia nzima. Angeanza mtu na maktaba tajiri ya London yenye nyaya za kasi, asingepata kitu kinachofaa Levin wala Olenguruone. Hili nawaambia hasa wenzangu wanaoandika programu wakiwa Nairobi wenye faiba nyumbani: jaribuni kazi yenu kwenye simu ya bei rahisi, siku ya mvua, ukiwa umebaki na megabaiti 20.

Kuna faida nyingine. Programu huria inaweza kurekebishwa na kijana wa hapa. Mhitimu wa kompyuta akifundishwa Koha anaweza kuhudumia maktaba tano za kaunti, akalipwa, na pesa zikabaki hapa. Leseni ya kulipiwa inapeleka pesa hizo mbali, na siku ikiharibika unasubiri mtu wa mbali.

Tableti si adui, lakini kabati ndilo hatari

Msinielewe vibaya, sipingi vifaa. Mwaka 2011 shirika la Worldreader lilianza kupeleka visomeo vya Kindle huko Kilgoris, si mbali sana na sisi tukihesabu kwa macho ya ndege. Baadaye lilishirikiana na maktaba za magharibi mwa Kenya, kisha na KNLS, kupeleka visomeo katika matawi nchi nzima. Kisomeo cha aina hii hakimulikimuliki kama tableti, na betri yake hukaa wiki kadhaa. Kwa mahali penye stima ya kusuasua hiyo ni sifa kubwa kuliko rangi na video.

Mwanzoni mwa miaka ya 2010 pia, maktaba ya KNLS ya Kibera ilianza kutumia tableti pamoja na watoto wa shule. Siri ya kazi ile haikuwa tableti zenyewe. Walikuwapo wakutubi waliokaa na watoto, wakawaongoza, wakafungua somo, wakajibu maswali. Kifaa kilikuwa na mtu nyuma yake.

Sasa linganisha na mradi wa vifaa vya wanafunzi wa shule za msingi. Mwaka 2013 tuliahidiwa kompyuta ndogo kwa watoto wa darasa la kwanza. Zilipoanza kugawiwa, mwaka 2016, zilikuwa tableti, na kufikia mwisho zilizidi milioni moja. Kazi ya kufikisha vifaa vingi hivyo katika shule za pembe zote za nchi si ndogo, na wanastahili sifa waliofanya hivyo. Lakini magazeti yaliripoti mara kwa mara shule zilizovifungia stoo, kwa kuogopa wezi au kwa kukosa mwalimu wa kuvitumia. Mwalimu mkuu ambaye ataulizwa tableti ikipotea, na hataulizwa ikikaa bila kutumika, atafanya nini? Ataifungia! Hata mimi ningeifungia.

Somo langu hapa ni dogo tu. Kifaa kikinunuliwa, bajeti iwe na mistari mitatu zaidi: mshahara wa mtu, matengenezo, na kibali cha kupotea au kuharibika kwa vichache. Maktaba yoyote hupoteza vitabu, na hakuna aliyewahi kusema tuwafungie wasomaji nje ili vitabu visipotee.

Kitabu chako ni chako kweli?

Hili la umiliki linanikera kidogo kwa hivyo mnivumilie. Julai 2009 kampuni ya Amazon ilifuta nakala za vitabu viwili vya George Orwell kutoka kwenye Kindle za wateja waliokwisha kuvinunua, kwa sababu muuzaji hakuwa na haki ya kuviuza. Kimoja kati ya hivyo ndicho tunachokifahamu kwa Kiswahili kama Shamba la Wanyama. Watu walirudishiwa pesa, na kampuni ikaomba radhi. Lakini hebu fikiria mkutubi akikujia nyumbani usiku, anachukua kitabu rafuni na kukuachia noti mezani.

Maktaba inaponunua kitabu cha karatasi, inakimiliki. Itakiazimisha hadi kichakae. Inaponunua kitabu cha kidijitali, mara nyingi inanunua ruhusa tu, na ruhusa ina mwisho. Kwa kaunti yenye bajeti ya kubahatisha hilo ni jambo zito: mwaka ambao fedha zimechelewa ndio mwaka ambao rafu nzima inatoweka. Ndiyo maana napenda vitabu vyenye leseni huria. African Storybook, mradi ulioanza 2014 chini ya shirika la Saide la Afrika Kusini, una hadithi za watoto kwa Kiswahili na kwa lugha kadhaa za Kenya, na unaruhusiwa kuzipakua, kuzichapa na hata kuzitafsiri upya. Mwalimu wa hapa anaweza kukaa jioni mbili akaiweka hadithi katika Kipsigis au Kiogiek bila kuomba ruhusa ya mtu. Hakuna atakayekuja usiku kuzichukua.

Mtandao utakatika. Je, umejiandaa?

Hatupaswi kujenga maktaba inayokufa mtandao ukikatika. Na utakatika. Mwisho wa Agosti 2023 karibu nchi nzima ilikaa gizani kwa saa nyingi. Mei 2024 nyaya za baharini zilipata hitilafu na intaneti ya Afrika Mashariki ikawa ya kutambaa. Juni 2024, siku ya maandamano makubwa, mtandao ulivurugika tena. Kama hayo yalimpata mtu wa Westlands, mtu wa Olenguruone amwambie nani?

Suluhisho lipo na si la kuotea ndoto. Kiwix, programu huria iliyoanza 2007, inakuwezesha kuhifadhi Wikipedia nzima kwenye diski na kuisoma bila mtandao. Wikipedia ya Kiswahili, iliyoanza 2003 na yenye makala zaidi ya 80,000, inaingia kwenye kadi ya kumbukumbu ya simu na nafasi inabaki. Kolibri, ya shirika la Learning Equality, inabeba masomo ya hisabati na sayansi kwa njia hiyo hiyo. Kabla yake ilikuwapo KA Lite ya 2012, na kabla ya hapo, katika vyuo vikuu vya Afrika, ilikuwapo eGranary ya Chuo Kikuu cha Iowa, iliyokuwa diski kubwa zilizojaa nakala za tovuti. Wazo ni kongwe, na limekwisha kujaribiwa.

Tufanye hesabu pamoja. Kompyuta ndogo ya Raspberry Pi, ambayo ilipotoka 2012 iliuzwa dola 35, inatumia umeme wa wati 5 hivi. Ongeza ruta ndogo ya wati 6. Jumla wati 11. Maktaba ikifungua saa 8 kwa siku, inatumia wati-saa 88. Paneli ya sola ya wati 50, hata tukikadiria saa 3 tu za jua la maana kwa sababu ya ukungu wetu, inatoa wati-saa 150. Betri ya volti 12 na ampea-saa 20 ina wati-saa 240, na hata ukitumia nusu yake tu ili isife mapema, unabaki na 120. Inatosha! Mwanafunzi anaingia, anaunganisha simu yake kwenye wai-fai ya maktaba, anasoma bila bando na bila stima. Mara moja kwa mwezi mkutubi anakwenda Nakuru na diski, anarudi na makala mapya. Ni kama ngamia wa Garissa, ila anapanda matatu.

Bila shaka mambo kama KUCCPS na eCitizen yanahitaji mtandao wa kweli. Kwa hayo maktaba iwe na kompyuta mbili tatu zilizounganishwa, na bando lilindwe kwa ajili hiyo tu. Anayesoma habari za mfumo wa jua asishindane laini na anayejaza fomu inayofungwa leo saa sita usiku.

Simu ya mulika mwizi nayo ni kompyuta

Nikisikia kaunti inataka kutengeneza programu ya simu kwa ajili ya maktaba, huwa nauliza: kwa simu ya nani? Wazee wengi wa hapa bado wana simu ya mulika mwizi, na wana sababu nzuri, kwa kuwa inakaa na chaji siku tatu. M-Pesa ilianza 2007 juu ya simu hizo hizo, ikabadilisha nchi, na haikuhitaji skrini ya rangi.

Ujumbe mfupi wa herufi 160 unatosha kusema: "Kitabu ulichoomba kimefika. Kitahifadhiwa hadi Ijumaa." Umemwokoa mtu kutembea kilomita sita kwenye matope kuja kuambiwa bado. Msomaji naye anaweza kutuma jina la kitabu kwenda nambari fulani na kujibiwa kama kipo. Kampuni ya Africa's Talking ya Nairobi imekuwa ikiwauzia waandishi wa programu njia ya kutuma ujumbe na kuendesha menyu za USSD tangu 2010. Kuunganisha huduma hiyo na katalogi ni kazi ya wiki chache kwa kijana mmoja. Si kazi ya mamilioni, na yeyote atakayewaambia ni ya mamilioni mwombeni awaonyeshe hesabu.

Wala tusiwasahau wasioona. Kenya iliridhia Mkataba wa Marrakesh mwaka 2017, mkataba unaoruhusu vitabu kugeuzwa kuwa katika sura wanayoweza kuisoma bila kuomba ruhusa ya mwenye haki kila mara. NVDA, programu huria inayosoma skrini kwa sauti, ni ya bure, na sauti ya Kiswahili ipo kupitia eSpeak NG, ingawa inaongea kama roboti mwenye mafua. Kuiweka kwenye kompyuta ya maktaba ni kazi ya nusu saa. Nusu saa tu, na mtu aliyekuwa anasomewa na wengine anaanza kujisomea.

Rekodi za wasomaji na rekodi za mahali

Kuna jambo moja zito ambalo wauzaji wa mifumo hawalitaji. Mfumo wa maktaba unajua nani amesoma nini. Unajua ni nani aliyeazima kitabu cha ugonjwa fulani, cha talaka, cha siasa. Katika mji mdogo, ambapo kila mtu ni jirani au shemeji wa mtu, hilo si jambo la kuchezea. Nasi hapa tunajua, tangu 1992, 1997 na 2007, namna orodha ya majina inavyoweza kuwa kitu cha kuogopwa.

Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka data ikusanywe kwa sababu maalumu na isiwekwe zaidi ya inavyohitajika. Koha yenyewe ina mpangilio wa kufuta uhusiano kati ya msomaji na kitabu alichokwisha kurudisha. Basi uwashwe tangu siku ya kwanza. Data isiyokuwapo haiibwi wala haiulizwi na mtu yeyote.

Upande wa pili wa sarafu ni rekodi ambazo zinapaswa kuwekwa na hazijawekwa. Jina la Olenguruone limo katika vitabu vingi vya historia. Mwaka 1941 serikali ya kikoloni ilizileta hapa familia za Wakikuyu zilizoondolewa kwingineko, ikawawekea masharti ya kilimo waliyoyakataa. Walikula kiapo cha umoja, wanawake na watoto wakiwemo, na kufikia 1950 walikuwa wamefukuzwa, wengi wakapelekwa Yatta. Waogiek na Wakipsigis nao wana historia yao katika ardhi hii hii, na sehemu kubwa yake iko vichwani mwa wazee.

Je, kijana wa hapa akitaka kuyasoma hayo aende wapi? Nyaraka za serikali ya kikoloni ziko Nairobi katika Nyaraka za Taifa, na nyingine ziko Uingereza. Mwaka 2011, wakati wa kesi ya wazee wa Mau Mau huko London, serikali ya Uingereza ilikiri kuwa na maelfu ya mafaili ya makoloni yaliyofichwa Hanslope Park, na kuanzia 2012 yakaanza kufunguliwa kwa umma huko Kew. Kwa hiyo mtafiti wa London yuko karibu na sehemu ya historia yetu kuliko sisi.

Maktaba ndogo yenye skana, kinasa sauti na diski mbili inaweza kuanza kurekebisha hilo. Mzee anakuja na barua ya zamani, inapigwa picha, anaondoka nayo. Bibi anasimulia kwa Kipsigis, sauti inahifadhiwa na jina lake kama ameruhusu, bila jina kama hataki. Yale yanayoweza kuumiza walio hai yafungwe kwa miaka waliyokubaliana. Kwangu mimi hii ndiyo teknolojia ya maktaba yenye haraka kuliko zote, kwa sababu tableti zitatengenezwa nyingine mwakani, lakini wazee hawasubiri bajeti.

"Lakini kila mtu ana simu"

Najua kuna atakayesema haya yote ni ya zamani, kwamba kila kitu kiko kwenye simu, na siku hizi ukiuliza akili unde inakujibu kwa Kiswahili. Nakubali sehemu. Simu zimeingia kila nyumba. Lakini bando linalipiwa, simu moja inatumiwa na watoto wanne, na jibu la haraka si lazima liwe jibu sahihi. Mkulima akiambiwa na mashine kiwango cha dawa kisicho sahihi, hasara ni ya gunia lake. Anahitaji mahali penye kijitabu cha kuaminika cha kulinganisha, na mtu wa kumsaidia kukisoma. Akili unde ikija, iwe katika chumba chenye mkutubi.

Basi kwa kumalizia, kaunti ikija na pendekezo la maktaba ya kidijitali, mwulizeni mwakilishi wenu wa wadi maswali haya matano:

1. Ni swali gani la msomaji wa hapa ambalo kifaa hiki kinajibu, na mmemuuliza nani?
2. Stima na mtandao vikipotea siku tatu, ni kipi kitakachoendelea kufanya kazi?
3. Nani ataajiriwa kukiendesha, na mshahara wake uko kwenye bajeti ya mwaka upi?
4. Tukiacha kulipa, vitabu na data zinabaki kwetu au zinaondoka?
5. Rekodi za wasomaji zinafutwa lini?

Nami naongeza pendekezo moja lisilogharimu zaidi ya bei ya daftari. Kabla ya kununua chochote, shule moja, kanisa moja na saiba moja ziweke daftari, na kila mtu anayekuja na swali lisilopata jibu aliandike, bila jina lake. Baada ya miezi mitatu tukae tuyasome. Hapo tutajua maktaba ya Olenguruone inapaswa kuwa na nini, na hatutahitaji mshauri kutoka Nairobi kutuambia.

Alamsiki.